Tairi Juu ya Ukingo wa Mfongo

Jumatano jioni wanawake waliokuwa wakirudi kutoka soko la Kiboriloni walimpita Jesse, mtoto wa Mzee Eliakim, mara mbili katika barabara ileile. Mara ya kwanza alikuwa juu ya baiskeli, akikanyaga kwa nguvu zake zote, na baiskeli ikisogea kwa kuyumba kama jogoo aliyekula sumu. Wakamwacha nyuma, wakaingia kwa shangazi wa mmoja wao kunywa maji na kusengenya, naye akapata nafasi ya kuwatangulia. Walipojitwika tena mizigo yao hawakuchukua muda kumfikia. Safari hii alikuwa ameshuka, anaisukuma, ulimi nje. Kabla jua halijazama kijiji kizima kilijua kwamba mtoto wa Eliakim, yule wa Nairobi mwenye mshahara wa Kizungu, anapanda mlima na baiskeli iliyobebeshwa kama punda, tena amevaa kaptula ya kubana iliyoshonewa godoro nyuma.

Mzee Eliakim alizipata habari hizo kwa Theodora, jirani yake wa upande wa chini, mjane mwenye ulimi, aliyemletea maziwa kila jioni. Theodora alisimulia mpaka habari ya godoro akiigiza na mwendo wenyewe. Mzee hakucheka. Aliuliza tu kijana amefika wapi.

"Penye kona ya kanisa," Theodora akasema. "Amesimama anajipiga picha."

"Basi atafika," mzee akasema, akaendelea kumenya ndizi.

Alijitahidi kusema hivyo kama mtu asiyejali, lakini alikuwa akihesabu siku tangu wiki mbili nyuma. Alimhitaji mtoto yule kwa asubuhi moja tu, ya Alhamisi, na kumwambia kwamba anamhitaji kulimshinda. Mambo yalikuwa hivi. Mfongo wa maji unaopita kijijini pale, mfereji wa udongo uliochimbwa na babu zao kutoka mtoni kule juu, ndio unaonywesha vihamba vyao, mashamba yao ya migomba na kahawa, wakati wa kiangazi. Kila nyumba ina zamu yake ya maji, na kila nyumba hutoa mtu siku ya msaragambo, watu wanapotoka kwa pamoja na majembe kuufukua mfongo na kuziba nyufa. Nyumba isiyotoa mtu mara tatu mfululizo inakosa zamu msimu mzima. Kibarua hakubaliwi. Lazima awe mtu wa nyumba, mwenye jina la nyumba.

Mzee Eliakim alikwisha kukosa mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa amelala hospitalini akibadilishwa nyonga. Mara ya pili alikuwa kwenye magongo. Mkewe Yuditha alikuwa amefariki, mabinti wameolewa mbali. Ndelilio, mwenyekiti wa mfongo, alikuja kumwona, akakaa, akakohoa, akasema kwamba ugonjwa ni ugonjwa na kamati inaweza kufumba macho. Mzee alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeingia kanisani na kofia. Sheria ile ya mtu wa nyumba aliiandika yeye mwenyewe, kwa mkono wake, miaka ile alipokuwa katibu, baada ya watu wa mjini kuanza kutuma vibarua waliokuna udongo kama kuku na kwenda kulala. Alimjibu Ndelilio kwamba macho yake ayafumbe akiwa anasali. Nyumba ya Eliakim itatoa mtu.

Na mtu mwenyewe ndiye huyu, aliyeingia uani giza likianza, anatweta, ana kofia ngumu kichwani kama fundi wa mgodi.

"Shikamoo, Baba," Jesse akasema. Mkono mmoja aliutoa kusalimia, na wa pili ulikuwa umeinua simu kuirekodi salamu.

"Marahaba. Weka hicho kitu chini unisalimie mimi."

Jesse alicheka, akaweka. Alikuwa kijana mwema, hilo lazima lisemwe. Hakuwa mlevi wala mwizi. Miaka yake thelathini na mbili alikuwa ameiishi vizuri, na kila alipopigiwa simu alipokea. Upungufu wake ni kwamba kila jambo kwake lilikuwa jambo la njiani. Wakati wa kula, akinywa mtori wa ndizi kwa pupa, alimweleza baba yake mpango wake. Anatoka Nairobi, ameingia kwa Holili, kutoka hapa anashuka Bomang'ombe, Arusha, Namanga, anarudi Nairobi. Siku kumi na nne juu ya baiskeli, na hajaomba likizo hata siku moja. Asubuhi anafanya kazi kwenye laptopu popote palipo na mtandao, mchana anaendesha. Mkuu wake kazini anapenda sana jambo hili. Yeye mwenyewe mwezi huu yuko Ureno, anafanya kazi ufukweni.

"Na mwenye kampuni yuko wapi?" mzee akauliza.

"Sijui vizuri, Baba. Nadhani Uholanzi. Au anasafiri."

"Kwa hiyo kampuni nzima hakuna mtu aliyeko kazini."

Jesse akasema dunia imebadilika, siku hizi kazi si mahali pa kwenda. Mzee akasema mtori unapoa.

Lililomkera zaidi alilipata baadaye kwa Theodora, aliyekuwa na simu nzuri na muda wa kuichunguza. Jesse alikuwa na ukurasa wake ambako kila siku aliweka picha za safari. Jioni ile alikuwa ameweka picha ya nyumba, hii hii nyumba aliyozaliwa ndani yake, na juu yake ameandika kwa Kiingereza: Siku ya tano, nchi ya pili. Watu mia tatu na ushee walikuwa wamefurahia. Mmoja aliuliza kama chumba kinapangishwa.

Kabla ya kulala mzee alimweleza Jesse habari ya msaragambo, kwa ufupi, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Saa moja kamili asubuhi, kule kwenye banio, maji yanapochepushwa kutoka mtoni. Apeleke jembe, afanye watakachofanya wenzake, mwisho Ndelilio ataita nyumba, aitike. Ijumaa saa sita zamu ya maji ni yao, na miche ya kahawa mia mbili aliyoipanda Machi imeanza kukunja majani. Jesse alisikiliza kwa makini, akachukua simu, akayaandika.

"Nina kikao saa mbili," akasema, "lakini nimeshaona namna. Usijali, Baba."

Neno hilo la usijali mzee hakulipenda, lakini hakuuliza ni namna gani. Angeuliza, angeonekana anabembeleza.

Namna yenyewe ilikuwa hii. Alhamisi saa moja Jesse alifika kwenye banio, kwa baiskeli, jembe limefungwa nyuma na laptopu mgongoni. Watu walimsalimia vizuri. Wazee wawili walimkumbuka akiwa na kamasi. Alifukua tope pamoja nao, na tuseme ukweli, alifukua kwa bidii mpaka viganja vikapasuka. Lakini bondeni kule hakuna mtandao. Mtandao uko kwenye kilima cha kanisa tu. Ilipokaribia saa mbili alichomoka, akapanda baiskeli na kwenda kikaoni. Saa nne alikuwa amerudi, anafukua tena. Hakuna aliyemwona alikopita, kwa sababu kila mtu alikuwa ameinama.

Sasa, mtu yeyote aliyekulia kwenye mlima huu anajua kwamba njia zake ama zinapanda ama zinashuka. Kitu kimoja tu kinakwenda tambarare, nacho ni mfongo. Ukingo wake ni mlaini, umesawazishwa, upana wa futi moja, unazunguka vilima bila kupanda wala kushuka. Kwa mwendesha baiskeli aliyeteseka siku tano ni barabara ya peponi. Jesse aliutazama ukingo ule akaona njia. Hakukumbuka, au labda hakuwahi kujua, kwamba ukingo ni udongo uliokandwa na mashina ya migomba, na kwamba watu huupita peku, mmoja mmoja, tena kwa adabu. Ng'ombe akipitishwa pale mwenye ng'ombe anatozwa mbuzi. Na juu yake alipita mwanamume mzima na baiskeli ya milimani yenye tairi za meno, kwenda na kurudi.

Saa sita Ndelilio aliita nyumba. Jesse akaitika, jina likaandikwa. Wakafungua maji. Maji yakaja taratibu yakisukuma takataka, watu wakiyafuata kwa macho na kuzungumza habari za pombe ya mbege, mpaka yalipofika juu ya shamba la Theodora. Pale ukingo ulikuwa na mstari uliochimbika kama uliokatwa kwa msumeno. Yalikaa hapo kidogo, kama yanayofikiri. Kisha ukingo ukaondoka, urefu wa hatua kumi na mbili, ukashuka wote kwenye maharage.

Mzee Eliakim alizisikia kelele akiwa kibarazani. Aliyepanda kumletea habari alikuwa Theodora mwenyewe, amelowa mpaka magotini, mkononi ameshika mche wa haragwe wenye mizizi.

"Mwanao amenijengea mto," akasema. "Njoo uone, ana akili, ameujenga kwa saa mbili tu."

Nyuma yake akaja Jesse, na nyuma ya Jesse akaja Ndelilio na daftari. Ndelilio hakukaa. Alisema jina lililoandikwa limefutwa, kwa sababu aliyekuja kujenga na akabomoa hawezi kuhesabiwa amekuja. Lakini kamati imetoa nafasi, kwa heshima ya mzee. Ukingo uliobomoka utajengwa na nyumba iliyoubomoa, na uwe umesimama kesho saa tano na nusu, maana saa sita zamu ni ya nyumba hiyohiyo. Ukisimama, jina linarudi na maji watapata. Usiposimama, watakutana msimu ujao. Watu wengine wasiuguse.

"Mtu wa nyumba," mzee akasema.

"Mtu wa nyumba, meku. Unaijua sheria kuliko mimi," Ndelilio akasema, akimwita mzee kwa heshima ya Kichagga.

Jesse aliomba msamaha, akaomba tena kwa maneno mengine. Ndelilio alipoondoka kijana alikaa kwenye ngazi akaandika ujumbe katika kundi la mfongo, ule mkusanyiko wa simuni ambao watu waliutumia kutangaza misiba na ng'ombe waliopotea. Ulikuwa ujumbe mzuri kabisa. Ulikuwa na picha ya bomoko, na chini yake hatua tatu: kutathmini, kurekebisha, kuzuia lisitokee tena. Alimsomea baba yake kwa sauti, kama mtoto anayeonyesha daftari.

"Umemaliza?" mzee akauliza.

"Nimemaliza."

"Ukingo umesimama?"

Jesse akaizima simu. Kisha akasema, kwa taratibu ya mtu anayejua linalokuja, kwamba kesho kuanzia saa mbili hadi saa tano ana kikao kikubwa, si kama cha leo. Wateja watakuwepo. Yeye ndiye atakayeeleza kazi ya miezi minne, hakuna mwingine. Saa tano ikigonga tu atashuka mbio. Au basi kuna vijana wawili pale dukani, amekwisha kuzungumza nao, wako tayari.

"Leo bado mchana," mzee akasema. "Jembe si lile pale?"

Leo, Jesse akasema, bado ana kazi ya kuandaa kikao hicho. Akaangalia viganja vyake vilivyopasuka, akavificha.

Mzee Eliakim alijua maneno mengi ya kumwambia. Aliwahi kuwatukana makarani, madereva, na mchungaji mmoja. Lakini alipomwona pale kwenye ngazi, na kaptula yake ya godoro, aliona dharau yenyewe inapotea bure, kama kumwagia maji jiwe. Hakutukana. Alisema tu kwamba aende, afanye kazi yake, kila mtu ana kazi yake. Jesse alishukuru. Alidhani ameruhusiwa.

Ijumaa saa mbili kasoro Jesse alipanda kilima cha kanisa, kwa miguu safari hii, laptopu kifuani na jembe begani. Mzee alisubiri mpaka mgongo wake ulipopotea migombani. Kisha akachukua jembe fupi la marehemu Yuditha, akaligeuza akalifanya mkongojo, akashuka.

Kutoka kwake mpaka kwenye bomoko, mtu mwenye afya hutembea dakika saba. Yeye alitembea saa nzima. Pale penye mteremko mkali alikaa chini akateleza kwa makalio, mtu aliyekuwa hatoki nyumbani bila shati kunyooshwa. Theodora alimwona kutoka shambani akaja mbio, akamwuliza kama amechoka kuishi. Mzee akamwambia asiuguse ukingo, ni marufuku. Kukata mashina ya migomba je, mzee akauliza, kumekatazwa? Theodora akawaza, akasema hakukusemwa lolote juu ya mashina. Akakata, akayatupa karibu yake, tena kwa hasira, kama anayetupa mfupa kwa mbwa. Nyonga haikumruhusu kuinama wala kuchuchumaa, kwa hiyo mzee aliingia ndani ya mfereji akakaa kwenye tope, miguu imenyooka mbele kama mtoto anayeogeshwa, akaanza. Shina, udongo, kofi. Shina, udongo, kofi. Alipomaliza alipofikia, alijivuta kwa viwiko hatua moja, akaanza tena.

Watu walikuja, mmoja mmoja, na wakasimama juu. Hakuna aliyecheka. Mmoja alisema kwa Kichagga kwamba ni aibu kutazama, na mwingine akasema basi usitazame, wote wawili wakabaki. Ndelilio alikuja saa nne akachungulia.

"Meku, sheria haikukusudia hivi," akasema.

"Mimi ndiye niliyeiandika. Ninajua ilikusudia nini."

"Simama basi upumzike."

"Imeandikwa atoe mtu. Haikuandikwa mtu awe amesimama."

Ndelilio akakaa kwenye nyasi, akavua kofia.

Saa tano na dakika zake Jesse alikuja akikimbia kutoka kilimani, jembe begani, bado amevaa shati jeupe la kikao juu ya ile kaptula, maana walioko Ulaya walimwona kifuani tu. Alipofika ukingoni alisimama ghafla. Hatua kumi na moja zilikuwa zimejengwa. Baba yake alikuwa ndani ya mfereji, tope mpaka kifuani, anapiga kofi udongo wa hatua ya kumi na mbili, na hakuinua macho.

Jesse akatupa laptopu kwenye nyasi, akarukia ndani. "Baba, niachie. Kikao kimeisha, nipo."

"Kimekwendaje?" mzee akauliza.

"Vizuri. Wamekubali." Akanyoosha mkono. "Niachie hicho kipande, Baba."

"Wamekubali. Vizuri. Sasa toka, unanikanyagia."

Akatoka. Wote walimwona akitoka. Alisimama na jembe lake safi, miguu imelowa, na kwa dakika zile zote hakuna aliyemsogelea wala kumtania, na katika kijiji kile kutotaniwa ni adhabu. Mzee alimalizia. Alipapasa ukingo wote kwa kiganja, kutoka mwanzo hadi mwisho, akatoa kokoto moja, akaziba tundu lake kwa dole gumba.

Saa tano na nusu Ndelilio alisimama, akafungua daftari, akavaa miwani. Hapakuwa na nyumba nyingine ya kuita siku hiyo, lakini aliita kwa sauti ileile ya msaragambo.

"Nyumba ya Eliakim."

"Ipo," Mzee Eliakim akajibu kutoka topeni.

Ndelilio aliandika, akapiga mluzi kuelekea juu kwa mtu wa banio. Wanaume wawili wakashuka kumwinua mzee, wakamketisha kwenye nyasi, na alipojaribu kusimama mguu haukukubali. Alisema hana haraka. Atakaa hapo hapo, ayaone maji yakipita alipojenga.

Yalikuja. Yalifika kwenye udongo mpya, yakaulamba, yakapanda mpaka karibu na ukingo, yakapita. Watu wakapumua. Theodora akasema maharage yake yalistahili kuona siku hiyo lakini yamekwisha kufa.

"Baba, nikubebe?" Jesse akauliza. Alikuwa amechuchumaa pembeni, hana pa kuweka mikono.

"Mimi sina shida. Maji ndiyo yanakwenda. Nenda kafungue kwetu, miche inasubiri."

Jesse aliondoka mbio kwa furaha ya mtu aliyepewa kazi hatimaye. Mzee alimfuata kwa macho. Kule mbele mfongo ulipita juu ya vihamba saba, na kila kihamba kilikuwa na mlango wake wa maji uliozibwa kwa shina la mgomba na udongo, na yote ukiutazama mmoja ni kama umeitazama mingine. Kijana akapita wa kwanza, akapita wa pili. Kwenye wa tatu akapunguza mwendo. Akarudi wa pili. Akatoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Maji yalikuwa yanamkaribia.

Ndipo watu waliobaki penye bomoko, bonde likibeba sauti, walimsikia akimwita mwanamke aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe ng'ambo ya mfongo, kwa Kiswahili, kwa heshima zote. "Shikamoo, mama. Samahani, mlango wa maji wa kwa Mzee Eliakim ni upi?"

Mwanamke yule aliinuka, akamtazama kutoka kichwa mpaka viatu. Akauliza yeye ni nani.